Mizani ya Mtihani

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Novemba, vijana wetu wa kidato cha nne huingia katika vyumba vya mtihani, Ngara na Biharamulo kama kwingineko nchini. Karatasi ni moja, saa ni moja, na kengele ya mwisho huwalilia wote. Watu wengi huona ya kuwa hiyo ndiyo haki yenyewe. Sisi twauliza: je, ni kweli?

Tumfikirie kijana mmoja wa kijijini Ngara, mwenye miaka 17. Vifungo vya shati humshinda. Akichota maji, mengi humwagika njiani. Akipalilia maharage, jembe hukata mche badala ya magugu. Mwulize kwa mdomo sababu za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905, naye atakueleza vema kuliko wenzake. Lakini mpe kalamu: herufi zapinda, mistari yapandana, na wenzake wafikapo swali la nane yeye yu katika la nne. Nyumbani huitwa mvivu, shuleni mzembe. Naye, kwa kuyasikia hayo tangu utoto, amekwisha kuyaamini.

Kijana huyo si mvivu. Madaktari wana jina la hali yake, nalo ni dispraksia. Si upungufu wa akili, wala si laana ya ukoo. Ubongo hupata taabu kuongoza miendo ya mwili, hata mwenyewe akijitahidi namna gani. Wataalamu hukadiria ya kuwa watoto 5 au 6 katika kila 100 wanayo. Basi katika darasa la watoto 50 huenda wamo wawili au watatu, na pengine hakuna aliyewatambua. Kilema cha mguu huonekana. Hiki hujificha nyuma ya mwandiko mbaya.

Baraza la Mitihani la Tanzania lina utaratibu kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu. Asiyeona hupata karatasi ya nukta nundu, mwenye uoni hafifu hupata maandishi yaliyokuzwa, na muda huongezwa: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Hakuna anung'unikaye kwa ajili ya asiyeona. Lakini mzazi akiomba dakika hizo kwa kijana wa mwandiko mbaya, maneno huanza: “Hata wangu huandika polepole! Je, huku si kuwadhulumu wengine?”

Swali hilo si la kupuuzwa. Nafasi za masomo ya juu si nyingi, na apataye isiyo haki yake humnyang'anya mwenzake. Yatupasa kulijibu.

Mkulima wa kahawa alijua jibu zamani. Apelekapo kahawa yake katika chama cha msingi, karani hupima gunia zima, kisha huondoa uzito wa gunia tupu. Hapo hakuna upendeleo, maana kinachonunuliwa ni kahawa. Na kama magunia hayalingani, kuwakatia wote kiasi kile kile hakuwezi kuitwa haki. Mtihani wa Historia wataka kujua kama kijana ameyaelewa mambo yaliyopita. Haupimi wepesi wa vidole. Mkono ni gunia tu, la kuchukulia elimu mpaka mezani pa msahihishaji.

Mfano huo huo hutuwekea mpaka. Pale ambapo ustadi wa mkono ndio upimwao, kama katika ushonaji au useremala, cheti kisiseme uongo. Lakini kwingine muda wa ziada haumpi mtu jibu. Humpa nafasi ya kuliandika. Asiyejua, hata akipewa siku nzima, hatajua.

Wengine watasema ya kuwa kila mzazi atadai ulemavu. Ndiyo sababu uthibitisho wahitajika, nasi twaukubali. Lakini hapa pana jambo lituumizalo zaidi. Mtu wa Ngara au wa Biharamulo amtafutaye mtaalamu huenda akaelekezwa Bugando, huko Mwanza. Ni nauli, ni malazi, ni siku kadhaa nje ya shamba. Ikiwa haki yahitaji cheti, na cheti chahitaji nauli, basi haki imekuwa mali ya wenye nauli. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, unaotaka elimu irekebishwe kwa kadiri ya mahitaji ya kila mtu. Ahadi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya watu wa mijini peke yao.

Basi tusingoje daktari peke yake. Shahidi wa kwanza ni mwalimu. Yeye ndiye asikiaye jibu la mdomo na kuliona la daftari, na tofauti ya mawili hayo ni ushahidi. Aiandike, aihifadhi, amweleze mkuu wa shule, naye aifikishe kwa wahusika wakati wa usajili, si Novemba kengele ikilia. Wazazi nao waanze mapema, tangu kidato cha kwanza, na kuomba muda huo hata katika mitihani ya shule, ili kijana azoee kuutumia.

Na kabla ya hayo yote liko jambo moja lisilohitaji nauli wala cheti: tuache kumwita mvivu. Hujafa hujaumbika, walisema wazee. Dakika 30 katika mtihani wa saa 3 ni kitu kidogo kwa taifa; kwa kijana huyu huenda zikawa mara ya kwanza kuulizwa anajua nini, na kungojewa mpaka amalize kujibu.