Na Aliyekosewa Je?

Ndugu zangu, sote tumesoma hadithi hii: hakimu akijitahidi akapatia ana ujira mara mbili, akikosea ana mmoja. Swali langu ni la yule aliyekosewa.

Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya raia wa Lebanon aliyekiri kupokea mali ya wizi. Aliamriwa arudishwe kwao, naye akasema huko atateswa. Mahakama ya rufaa ikajibu kwamba kwa kosa lake haina ruhusa ya kupima ukweli wa hofu hiyo, ila hoja za sheria tu. Majaji saba kati ya tisa walikataa.

Naona walipatia. Surat At-Tawba, aya ya 6, inaamuru apewe hifadhi na kufikishwa salama hata mshirikina (mshirikina!) anayeiomba. Ila mlango waliofungua ni mwembamba: rufaa hutengua matokeo ya uchunguzi pale tu ushahidi unapomlazimisha kila mwenye busara kuona kinyume. Je, huko ndiko kujitahidi? Hakimu wa mirathi akikosea, shamba hurudishwa. Huyu akishapandishwa ndege akafungiwa selo, nani atamrudisha?