Nguvu Bila Amana



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Amma baad.

Ndugu zangu wanafunzi, kijana mmoja anayenyanyua vyuma hapa Jinja aliniuliza baada ya swala ya Alasiri: "Ustadhi, sindano ya kujaza misuli si pombe wala si nguruwe. Ubaya wake uko wapi?" Swali ni zuri, na halijibiwi kwa kukunja uso.

Uislamu haukatai mwili wenye nguvu. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba muumini mwenye nguvu anapendwa zaidi na Mola wake kuliko dhaifu, ingawa wote wawili wana kheri. Lakini soma kisa cha Nabii Musa (a.s.) pale Madyan, katika Sura Al-Qasas. Binti aliyemshauri baba yake amwajiri alimsifu kwa mambo mawili pamoja: nguvu na uaminifu. Hakutaja moja akaacha la pili. Mwili ni amana, na sindano hii inakupa nguvu kwa kuivunja amana hiyo.

Inaivunja vipi? Steroidi za misuli ni testosteroni iliyotengenezwa maabara, au dawa za jamii yake. Mwanamume mzima anayo yake: ubongo hutuma ishara, korodani hutengeneza. Ukiingiza ya nje kwa wingi, ubongo huona imejaa na hunyamaza. Korodani husinyaa, mbegu za uzazi hupungua, na kwa wengine huisha kabisa. Sehemu ya ziada hugeuka kuwa homoni ya kike, na kile kifua kilichotakiwa kiwe ngao huanza kuota matiti. Ukiacha, ubongo hauamki kesho yake. Huchukua miezi, pengine zaidi ya mwaka. Na wengi wenu mnangoja kumaliza masomo mfunge ndoa! Kwa dada zetu, sauti huwa nzito, ndevu huota, hedhi huvurugika, na sauti huenda isirudi tena.

Halafu presha. Sisi wa Jinja tunaishi na bwawa lililofunguliwa mwaka 1954, tunajua kwamba ziwa likipanda lazima maji yafunguliwe njia. Figo ndizo milango ya mwili. Steroidi huzifanya zizuie chumvi na maji, na damu husukuma kuta za mishipa kwa nguvu zaidi. Moyo nao ni msuli, kwa hiyo nao hunenepa, ila kwa hasara: ukuta wake huwa mnene na mgumu. Kolesteroli nzuri hushuka, mbaya hupanda. Ndivyo kijana anavyoweza kupatwa na kiharusi au mshtuko wa moyo. Na presha haiumi. Unaweza kuwa na 160 kwa 100, juu kabisa ya ule mpaka wa 140 kwa 90, na bado ukajitazama kwenye kioo ukaridhika.

Wengine husema, mimi si mwanamichezo wa mashindano, simdanganyi mtu. Jirani yetu Mkenya, Mark Otieno, aliondolewa Olimpiki ya Tokyo Julai 2021, siku aliyotakiwa kukimbia mita 100, kwa sababu sampuli yake ilikutwa na steroidi. Simtaji kwa kumsengenya. Habari hiyo ilitangazwa dunia nzima. Huko kuna wapimaji. Kwenye jimu zetu hakuna, na Mtume (s.a.w.) alimfananisha anayejionyesha kwa kitu asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo.

Mgonjwa aliyeandikiwa testosteroni na daktari hayumo katika maneno haya, huyo anajitibu.

Na wewe ambaye tayari unatumia, usijifiche. Tubia kwa Mola wako, wala huna haja ya kujitangaza msikitini. Lakini nenda hospitali ukapimwe presha, ini na homoni. Daktari si kadhi: mwambie ni dawa gani, kiasi gani, tangu lini. Kuacha ghafla peke yako kunaweza kuleta unyonge na huzuni nzito, kwa hiyo acha ukiwa chini ya uangalizi, na rafiki mmoja unayemwamini ajue. Kama mlichangia sindano, ombeni pia kipimo cha virusi vya UKIMWI na cha homa ya ini.

Wabillahi tawfiq.