Rangi Juu ya Kutu

Mtu hulinunua gari kwa macho kabla hajalinunua kwa fedha, na macho huanza na rangi. Kwa hiyo rangi ya gari si pambo tu. Ni neno ambalo mwenye gari hulisema mbele ya watu, na kama neno lolote, yaweza kuwa kweli au uongo. Katika Mkoa wa Shinyanga na katika ukanda wa dhahabu wa Geita, mahali ambapo vumbi ni jingi na magari mengi yalianza kuzeeka katika nchi nyingine kabla ya kufika, neno hili husemwa kila siku. Mwenye gari kuukuu husimama penye njia panda: ampe kazi fundi wa bei nafuu, au aifanye kwa mikono yake mwenyewe. Swali hili huonekana kuwa la mfuko. Likichunguzwa, ni swali la haki.

Gari lizeekalo Shinyanga halizeeki kama lizeekalo pwani. Pwani adui ni chumvi ya bahari. Shinyanga, ambako mvua ni chache na kivuli ni haba, adui ni jua. Jua huichoma vanishi iliyo juu ya rangi, ikafifia kwanza kwenye paa na boneti, kisha ikabambuka kama ganda la kitunguu. Katika barabara za changarawe ziendazo machimboni, mawe yarushwayo na magurudumu huidonoa rangi mpaka kwenye bati, na mvua za Geita, zilizo nyingi kuliko za Shinyanga, hutia kutu katika kila kidonda. Tena yapo magari yaliyokuja na kutu yao kutoka Japani, kwa kuwa katika sehemu za nchi hiyo zenye theluji barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi hiyo hula chuma kutoka chini, mahali ambapo jicho la mnunuzi halifiki.

Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Mtazamaji huona rangi, lakini kupuliza rangi ni sehemu ndogo ya kazi ya rangi. Kwanza gari huoshwa mafuta na vumbi. Kutu husuguliwa mpaka chuma safi kitokee. Bati lililooza hukatwa na jipya likachomelewa. Mabonde husawazishwa kwa puti. Msasa hupitishwa, wa kukwaruza kwanza na laini baadaye. Kisha rangi ya msingi hupigwa, ikaachwa ikauke, ikasuguliwa tena. Ndipo rangi yenyewe hupulizwa, na juu yake vanishi. Upepo wa kompresa ukiwa na maji, mapovu hutokea. Thina ikikauka upesi mno kwa joto la mchana, uso huwa na vinundu kama ganda la chungwa. Fundi hodari asiye na chumba cha kupulizia rangi huamka mapema, akamwagia ardhi maji ili vumbi lilale. Saa nyingi hutumika katika mambo ambayo, kazi ikiisha, hapana awezaye kuyaona. Hapa ndipo penye mtihani wa uadilifu: sehemu kubwa ya kazi haionekani, na malipo hutolewa kwa ile inayoonekana.

Ikiwa kazi inataka siku sita, na fundi akaahidi kuimaliza kwa siku mbili kwa theluthi ya bei, siku nne zimekwenda wapi? Zimetolewa katika kusugua, katika kukausha na katika kungoja. Tundu limejazwa puti badala ya bati, na rangi imelazwa juu ya kutu. Lakini kutu haifi kwa kufunikwa. Hubaki na unyevu chini ya rangi, ikaendelea na kazi yake gizani, mpaka malengelenge yainuke na rangi ipasuke. Hata hivyo si haki kumtwika fundi lawama yote. Mwenye gari aliyevutana naye mpaka bei ikashuka chini ya gharama ya msasa na rangi ya msingi, aliununua udanganyifu huo kwa hiari yake, ingawa hakuutaja kwa jina. Mtu hawezi kumnyima fundi ujira wa kazi njema, kisha akamdai kazi njema.

Njia ya pili ina sifa zake. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere aliandika juu ya elimu ya kujitegemea, akakemea elimu imfanyayo msomi aone kazi ya mikono kuwa fedheha. Mtumishi wa ofisi ashikaye msasa siku ya mapumziko huonja ukweli wa maneno hayo. Mikono yake hujifunza heshima ambayo ulimi wake ulikuwa ukiitamka bure: baada ya kusugua mlango mmoja kutwa nzima, hatasema tena kwamba fundi anadai fedha nyingi kwa kazi ndogo. Zaidi ya hayo, huiona kutu kwa macho yake. Hawezi tena kusema kuwa hakujua.

Lakini kujitegemea si kufanya kila kitu peke yako. Adam Smith alionyesha mwaka 1776 kwamba watu kumi waliogawana kazi ya kutengeneza pini waliweza kutoa zaidi ya pini 48,000 kwa siku, hali kila mmoja peke yake asingefikia hata kiasi kidogo cha fungu lake. Ustadi wa mkono wa fundi ni mavuno ya miaka, na miaka hainunuliwi pamoja na kopo la rangi. Asiye fundi akitumia fedha na siku zake kufanya kazi itakayorudiwa, amelipa mara mbili. Tena akijitia kuwa fundi kwa kiburi tu, ili aseme kwamba hakumlipa mtu, amegeuza fadhila kuwa ubahili.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa katika hesabu ya njia yoyote kati ya hizo mbili, nayo ni pumzi. Rangi nyingi za magari za siku hizi huchanganywa na dawa ya kukaza yenye kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya pumu ya kazini duniani. Kitambaa kilichofungwa puani hakizizuii. Aliyekwisha kudhurika nazo huweza kubanwa kifua hata na kiasi kidogo sana. Mwenye gari apulizaye rangi uani huihatarisha pumzi yake, na pengine ya watoto wachezao karibu. Mwenye kutafuta bei ya chini kabisa huweza kuihatarisha pumzi ya kijana anayejifunza kazi, kwa kuwa barakoa yenye kuleta hewa safi ni kitu cha kwanza kuondolewa bei inaposhuka.

Watu wa machimbo wanaijua hesabu ya namna hii kuliko watu wengine. Mchimbaji mdogo hutumia zebaki kunasa dhahabu iliyomo katika unga wa mawe, kisha huichoma ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Njia hiyo hupendwa kwa sababu ni rahisi. Lakini zebaki iliyopaa haikwenda mbinguni; imeingia katika mapafu ya mchomaji, na nyingine hurudi ardhini na majini. Kwa ajili hiyo mataifa yalifanya Mkataba wa Minamata mwaka 2013. Urahisi wa zebaki na urahisi wa rangi ni ndugu: vyote viwili havikuifuta gharama, bali vimeihamisha kutoka mfuko wa mmoja hadi mwili wa mwingine.

Gharama yaweza kuhamishiwa pia kwa mnunuzi. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, alichapisha makala juu ya soko la magari yaliyokwisha kutumika. Mwaka 2001 alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Alieleza kwamba muuzaji huijua hali ya gari lake na mnunuzi haijui. Kwa hiyo mnunuzi, akiogopa kudanganywa, hutoa bei ya wastani. Mwenye gari zuri huona bei hiyo haimfai, akajitoa sokoni. Na mabovu ndiyo yanayobaki. Basi anayefunika kutu ili auze hamuibii mnunuzi wake peke yake. Humwibia pia jirani mwaminifu, kwa kuwa rangi njema ya jirani haitaaminiwa tena. Na gari hilo likifanywa mchomoko wa kubebea abiria, puti iliyoshika mahali pa chuma haitamdhuru muuzaji. Itawadhuru wasiokuwapo siku ya mapatano.

Yamkini mtu atasema: maskini hana nafasi ya kuchagua, atalipa kadiri alivyo navyo. Hoja hii ina uzito, lakini inasahau njia ya tatu. Asiyeweza kulipia gari zima aweza kulipia mlango mmoja, ukafanywa vema mpaka kwenye chuma. Aweza kusugua kutu mwenyewe na kupiga rangi ya msingi kwa brashi, kisha akamwachia fundi kupuliza pale fedha itakapopatikana. Gari lake litakuwa na viraka, na wapita njia watacheka. Lakini kiraka ni msema kweli: husema hapa palioza, pakatibiwa. Nguo yenye kiraka haikumwaibisha mtu mwaminifu; ilimwaibisha yule tu aliyetaka aonekane tajiri.

Basi haki haimo katika kushika msasa mwenyewe, wala haimo katika kumpa fundi. Kila njia ni halali ikiwa sehemu isiyoonekana imefanywa, au ikiwa kuachwa kwake kunajulikana kwa kila mtu atakayeibeba hatari yake. Kila njia ni haramu ikiwa rangi imetumwa kusema lisilosemwa na chuma. Nyumba njema si mlango. Mchimbaji wa Geita halithamini jiwe kwa mng'ao wake, maana anajua kuwa yapo mawe yang'aayo yasiyo na dhahabu hata chembe; hulisaga kwanza, akaliosha, ndipo akalitaja bei. Mwenye gari naye na asugue kwanza, akione kilichomo, ndipo achague rangi.