WATU WAKE NI NANI?



Abu Daud apokea kwamba Habiba binti Sahl, aliyepigwa na mumewe Thabit bin Qais, alikwenda mlangoni kwa Mtume (s.a.w.) alfajiri. Mtume hakumwambia, "Rudi ukasubiri." Alimwamrisha Thabit apokee mahari yake, amwache. Habiba akenda kukaa kwa watu wake.

Hapa Migori na Homa Bay wamo dada zetu walioingia Uislamu kwa ndoa. Wakitoka kwa waume, mila ya Kijaluo yawahesabu wageni katika boma la baba, na wazee wachelea kudaiwa ng'ombe wa mahari. Wakija msikitini, nasi wenye vilemba huwaambia, "Subirini." Basi hurejea kwenye fimbo. Njia aliyoifungua Mtume, sisi twaiziba!

Watu wake ni sisi. Zaka ni haki ya fakiri (Tawba, 60), naye ni fakiri. Tumpe chumba, chakula, mtaji wa kuuza omena, na mama mwenye busara wa kukaa naye. Tumsindikize kwa Kadhi. Na sheria ya nchi ya mwaka 2015 yampa haki ya kuomba kinga mahakamani.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.