Sauti ya Dokta Remmy ni ya Nani?

Hapa Kibingo tunayo kanda ya Remmy Ongala na Super Matimila ambayo haikutoka studio. Mtu aliingia ukumbini na redio-kaseti, basi. Gitaa linakwaruza, mtu anakohoa, mwingine anadai wimbo wake kwa kelele. Mimi naipenda kuliko Songs for the Poor Man (1989) na Mambo (1992), zilizosafishwa kule Uingereza.

Je, ni wizi? Wenzangu wanasema ndiyo: aliyerekodi hakuomba. Sheria ya hakimiliki ya 1999 iko upande wao. Grateful Dead wa Marekani waliwatengea warekodi sehemu yao ukumbini tangu 1984, lakini ile ilikuwa ruhusa.

Sasa nijibu, msomaji: Radio Tanzania ilipoukataa “Mambo kwa Soksi”, wimbo wa kondomu na ukimwi, tungeusikia wapi kwa kungoja ruhusa? Kumrekodia jirani, sawa. Kurudufu na kuuza stendi, hapana, hapo unakula jasho la mtu, hata kama mwenyewe alifariki 2010.

Kinachonisumbua zaidi ni yule anayekohoa. Alilipa kiingilio, sauti yake imo, na hakuna anayemgombania.