Kuna Ubaya Gani Nikianza Kiko?

Maandiko ya kusoma: Danieli 1:8, 1 Wakorintho 6:12, Marko 6:31



Kwenye sanduku la maswali ya vijana mwezi huu kulikuwa na karatasi moja ambayo sikutaka kuijibu haraka haraka. Haina jina, na sijajaribu kujua ni ya nani. Aliyeandika anasema ameokoka, hanywi pombe, havuti sigara, na shisha hakuwahi kuigusa hata kabla serikali kuipiga marufuku Desemba 2017. Lakini amevutiwa na kiko. Amesoma jinsi mtu anavyoanza, ameshachagua kiko cha kununua, na kabla hajatoa pesa anauliza: kuna ubaya gani? Biblia haitaji tumbaku. Moshi wa kiko haumezwi mpaka mapafuni. Watumishi wakubwa wa Mungu walivuta. Mwisho anasema anatafuta tu kitu cha kumtuliza jioni akitoka kazini.

Jibu la mstari mmoja liko: mwili ni hekalu, acha hiyo maneno, amina. Mimi pia naamini mwili ni hekalu. Lakini kijana aliyeuliza kabla ya kufanya amefanya jambo ambalo wengi wetu hatufanyi. Sisi hufanya kwanza, halafu tunatafuta andiko la kutufunika. Huyu anastahili kujibiwa vizuri.

1. Tukubali pale alipo na ukweli

Ni kweli Biblia haitaji tumbaku, na sababu yake inajulikana. Mmea wenyewe asili yake ni mabara ya Amerika. Watu wa ng'ambo hii ya bahari hawakuujua mpaka baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Musa hakuuona, Paulo hakuuona. Kwa hivyo anayetafuta mstari unaosema "usivute" atatafuta mpaka Yesu arudi.

Ni kweli pia kwamba Bwana wetu, katika Mathayo 15, alifundisha kwamba unajisi wa mtu hauingii kwa kinywa bali hutoka moyoni. Hilo neno tusiliruke kwa sababu halitufai leo. Kuna ndugu asiyevuta chochote lakini mdomo wake umechoma nyumba tatu katika hii mtaa kwa fitina. Huyo asidhani amemshinda mvutaji.

Na mimi nina ushahidi wangu. Babu yangu, upande wa Nyanza, alikuwa na kiko cha udongo chenye mrija mrefu. Jioni alikaa nje na ndawa yake, na watu waliokuwa na kesi za mipaka ya shamba walikuja kwake kwa sababu hakuwahi kupendelea mtu. Sitaandika hapa ati lile jani lilimfanya awe mtu mbaya. Lingekuwa ni uongo, na uongo hautetei utakatifu.

Basi kama shida haiko kwenye jani lenyewe kama uchawi, iko wapi?

2. Mwanafunzi wa kiko anafundishwa nini?

Wacha tuangalie masomo yenyewe. Anayeanza huambiwa achukue kiko cha bei nafuu kwanza, pengine kile kinachotengenezwa kwa gunzi la mahindi, kabla ya vile vya mti mgumu. Huambiwa ajaze tumbaku kwa tabaka tatu: ya chini kwa mkono mwepesi kama wa mtoto, ya kati kwa nguvu kidogo, ya juu kwa mkono wa mtu mzima. Awashe mara ya kwanza, tumbaku ivimbe, aishindilie pole pole, awashe tena. Avute taratibu, kama mtu anayeonja chai ya moto. Akiwa na haraka ulimi utaungua. Asivute akiwa na njaa, maana kichwa kitazunguka na tumbo litachafuka. Akimaliza asafishe mrija, akiache kiko kipumzike kikauke.

Ukisoma hayo yote utaona ni kazi ya utaratibu na subira. Naelewa kabisa kwa nini kijana anayeshinda kwenye kelele na simu anapendezwa nayo.

Lakini tazama tena. Ulimi unaungua, kichwa kinazunguka, tumbo linachafuka. Huo ni mwili unasema hapana. Sehemu kubwa ya masomo ya mwanzo ni jinsi ya kuituliza hiyo hapana mpaka inyamaze. Hakuna mtu anayehitaji masomo ya kuzoea maji au ugali. Wazee walisema mazoea yana taabu, na hapa taabu inakuja mara mbili: taabu ya kuzoea, halafu taabu ya kuzoeleka.

Na ile hoja ya kutomeza moshi? Ina ukweli nusu. Mtu wa kiko asiyemeza moshi ana hatari ndogo ya saratani ya mapafu kuliko mtu wa sigara. Ndogo, lakini ipo. Zaidi ya hapo, moshi wa kiko kwa asili yake huachilia nikotini kupitia ngozi ya ndani ya mdomo. Haihitaji kufika mapafuni ili ifike kwenye damu. Kwa hivyo hata asiyemeza anaweza kufungwa nayo. Na mahali moshi unapokaa ndipo unapoharibu: midomo, ulimi, koo, umio. Mwaka 1964, ripoti ya daktari mkuu wa serikali ya Marekani kuhusu uvutaji ilishaunganisha kiko na saratani ya mdomo wa nje. Sisi Wakenya hatuhitaji kuelezwa saratani ya umio ni nini. Wengi wetu tumemlisha mpendwa uji kwa kijiko mpaka hata uji ukakataa kupita.

Kwa hivyo "hakuna ubaya" si jibu la ukweli. Ubaya upo. Lakini bado swali la kijana halijaisha, maana anaweza kusema: mwili ni wangu, hatari nimeijua, nimeikubali.

3. Na wale watumishi waliovuta?

Charles Spurgeon, mhubiri mkubwa wa London, alivuta siga. Mwaka 1874 mhubiri mgeni kutoka Marekani alihubiri kanisani kwake akasimulia jinsi alivyoacha siga zake. Spurgeon akasimama baada yake na kusema mbele ya watu kwamba yeye haoni dhambi hapo, na kwamba atavuta yake kwa utukufu wa Mungu. Jambo hilo lilizua maneno hadi kwenye magazeti. Kumbukeni Spurgeon alikuwa mtu wa maumivu makali ya mwili na huzuni nzito ya nafsi. Kumbukeni pia kwamba wakati huo sayansi ya saratani na tumbaku haikuwa imejulikana kama leo. Simhukumu mtu kwa nuru ambayo hakuwa nayo. Lakini mimi na wewe tunayo.

Mwingine ni C. S. Lewis, mwalimu wa Oxford aliyeandika vitabu vingi vya kuitetea imani. Picha zake na kiko zimeenea kila mahali, na nadhani kijana wetu ameziona. Kuna jambo ambalo picha hazisemi. Mwaka 1956, katika barua kwa mama mmoja wa Marekani, Lewis alieleza kwamba uvutaji ni mgumu kuutetea kuliko kinywaji, na kwamba angependa kuacha. Shida ni kwamba akijizuia, akili yake yote inaenda kwenye kujizuia, hawezi kufikiria kitu kingine.

Fikiria hilo. Mtu mwenye akili kubwa kiasi hicho, anayempenda Mungu, anasema anataka kuacha na hawezi kufanya kazi akiacha. Tukimleta Lewis kama shahidi, basi tumsikilize mpaka mwisho wa ushahidi wake.

Hapo nakumbuka babu tena. Yule mzee mpole, tumbaku ikiisha, alikuwa mtu mwingine. Sisi wajukuu tulitumwa dukani hata mvua ikinyesha, na hakuna aliyethubutu kurudi mikono mitupu. Hakuwa mkali kwa tabia yake. Ukali haukuwa wake, ulikuwa wa kile kilichomshika.

4. Danieli aliamua lini?

Hapa ndipo naona kiini cha jambo. Danieli 1:8 inatuambia Danieli aliazimia moyoni kutojitia unajisi kwa chakula cha mfalme. Aliamua mapema, kabla hajazoea meza ya mfalme. Angekula miaka mitatu kwanza halafu aamue, angekuwa anaamua kwa mdomo ambao tayari una mapenzi yake.

Naye Paulo, katika 1 Wakorintho 6:12, anakubali kwamba ana uhuru, halafu anaweka mpaka wake: hatakubali kitu chochote kiwe bwana juu yake. Hebu tuone maana yake. Uhuru hapo si ruhusa ya kufanya kila kitu. Uhuru ni kubaki mtu ambaye kesho bado anaweza kusema ndiyo au hapana.

Ndugu yangu uliyeandika, leo uko huru kabisa mbele ya kiko. Unaweza kununua, unaweza kuacha, na usiku utalala vizuri. Lakini wewe wa leo unataka kumwamulia mtu ambaye hayuko hapa kujitetea, yaani wewe wa miaka 10 ijayo, pengine na mke, na watoto wanaopumua hewa ya nyumba hiyo hiyo. Wewe unaanza kwa hiari. Yeye huenda ataendelea bila hiari. Je, ni haki kutumia uhuru wako kumnyang'anya yeye wake?

Waswahili husema mwanzo kokochi, mwisho nazi. Kokochi ni kitoto cha nazi, hata mtoto analing'oa kwa vidole viwili. Nazi iliyokomaa inataka mkwezi na panga. Sisemi kila anayeonja atafungwa. Wako waliojaribu wakaacha. Nasema hakuna anayejua mapema yeye ni wa kundi gani, na njia ya kujua ni ile ile inayofunga.

5. Kiu yake si mbaya

Sasa kwa sisi wazee na viongozi. Kijana hakuandika ati anataka kulewa. Aliandika anataka kutulia. Kiko kinampa nusu saa ya kukaa, mikono ikiwa na kazi ndogo, bila mtu kumsukuma. Kiu hiyo si dhambi. Katika Marko 6:31 Yesu mwenyewe aliwaona wanafunzi wamechoka, watu wanaingia na kutoka hata hawana nafasi ya kula, akawaita kando wapumzike kidogo.

Tujiulize tunampa nini kijana kama huyu. Jumatano maombi, Ijumaa kesha, Jumamosi mazoezi ya kwaya, Jumapili ibada mbili, na spika zimefunguliwa mpaka mwisho. Yote ni mema. Lakini ni wapi tumemfundisha kunyamaza mbele za Mungu? Tukimwambia aache kiko na hatumpi mahali pa kupumzisha nafsi, tumemfungia mlango mmoja bila kumfungulia mwingine.

Kwa hivyo jibu langu ni hili: usianze. Sisemi hivyo kwa sababu ukianza Mungu atakuchukia, ila kwa sababu huu ndio wakati ambao "hapana" yako ni nyepesi kuliko itakavyokuwa tena. Zile pesa za kiko weka kando. Ile nusu saa usiipoteze, itunze. Zima simu, kaa nje, chukua chai yako uinywe taratibu. Ukitaka mikono iwe na kazi, palilia sukuma wiki, noa panga, chonga mti. Ukitaka mtu wa kukaa naye kimya, nitafute baada ya ibada. Nitakuja na sitahubiri.

Na wewe ambaye tayari unavuta, usisome makala hii kama mawe. Wewe si mfano wa kutisha watoto. Njoo tuombe pamoja, na uende pia ukaone daktari, maana kuna msaada wa kweli wa kuacha nikotini na kuutafuta si kukosa imani. Kanisa lisilo na kiti cha mvutaji halina kiti cha mtu mwingine yeyote.

Maswali ya kujadili nyumbani na kwenye vikundi

1. Ni kitu gani ulianza kwa hiari na leo hufanyi kwa hiari tena? Je, ni simu, ni sukari, ni mkopo, ni maneno ya watu?
2. Ukiwa na nusu saa bila kelele, huwa unafanya nini nayo?
3. Tunaweza kumkatazaje kijana jambo bila kumdharau?

Ombi: Bwana, tupe hekima ya kuamua mapema kama Danieli. Walioshikwa, wafungue. Waliochoka, wape pumziko lako. Na sisi tunaoshauri, tupe masikio kabla ya midomo. Katika jina la Yesu, amina.