Kabla Hujaomba Moto Ushuke, Shuka Wewe



Vijana wenzangu, tafakari ya leo inatoka Luka 9:51-56. Yesu yuko njiani kwenda Yerusalemu, na kijiji kimoja cha Wasamaria kinakataa kumpokea. Yakobo na Yohane wanakasirika. Wanataka moto ushuke kutoka mbinguni uwateketeze. Wote! Yule aliyefunga mlango, mama aliye jikoni asiyejua lolote, na mtoto aliyelala. Yesu anageuka, anawakemea, kisha wanaenda zao kijiji kingine.

Somo hili limenikaa kichwani miezi kadhaa sasa kwa sababu ya kitu kilicho mezani kwangu. Wanaonifahamu wanajua napenda kuunda modeli za plastiki. Safari hii naunda Lancaster, ndege ya Waingereza ya kudondosha mabomu wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ni modeli kubwa, ya kipimo cha 1 kwa 32. Ndege yenyewe ilikuwa na mita 31 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa. Yangu ina sentimita 97 hivi. Meza yote imekwisha hapo, hakuna anayepata pa kuweka hata kikombe.

Mdogo wangu mmoja wa jumuiya alipoiona akaniuliza, "Kaka, wewe Mkristo, ndege ya mabomu ya nini?" Swali zuri, na linastahili jibu.

Modeli kama hii huanzwa ndani. Kabla ya kufunga ubavu wa kushoto na wa kulia, unakata vipande, unapiga msasa, unapaka rangi na kubandika kila kiti mahali pake. Hapo ndipo unajikuta unawahesabu watu: rubani, fundi wa injini, muongoza njia, mtu wa redio, mlenga mabomu anayelala kifudifudi puani mwa ndege, na wapiga bunduki wawili. Saba. Wengi walikuwa vijana wa umri wetu. Kati ya wanaanga wapatao 125,000 wa kikosi hicho cha mabomu cha Uingereza, zaidi ya 55,000 walikufa. Ukishabandika kile kiti kidogo cha mpiga bunduki wa mkiani, peke yake kule nyuma gizani, huwezi tena kuiita ndege hii "chuma" tu.

Lakini kuna wengine. Kwenye boksi zimo injini nne, magurudumu, hata mabomu ya kupanga tumboni. Watu waliokuwa chini hawamo. Hamburg, Julai 1943, makumi ya maelfu ya watu walikufa kwa moto katika usiku chache. Aliyekuwa juu, kilomita kadhaa gizani, aliona taa na moshi. Uso wa mtu hakuuona. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 80, umesema wazi kwamba kuangamiza miji mizima pamoja na wakazi wake bila kubagua ni kosa la jinai dhidi ya Mungu na dhidi ya binadamu. Haijalishi nani alianza vita.

Sasa msikilizeni mtu mmoja aliyeirusha ndege hii, Leonard Cheshire. Usiku wa tarehe 8 Februari 1944 alitumwa kupiga kiwanda cha injini za ndege huko Limoges, Ufaransa, kilichokuwa kikiwafanyia kazi Wajerumani. Waliokuwa zamu ni Wafaransa, wengi wao wanawake. Cheshire alishuka chini kabisa, akapita juu ya paa mara tatu ili wajue kinachokuja na wakimbie. Ndipo mabomu yakaanguka. Simfanyi malaika, maana alipiga miji mingi. Ila usiku ule alishuka, na watu wakapona.

Vita ilipokwisha, alimchukua nyumbani kwake mgonjwa wa saratani asiye na pa kwenda, akamuuguza kwa mikono yake mwenyewe. Mwaka huohuo, 1948, akapokelewa katika Kanisa Katoliki. Nyumba za watu wenye ulemavu zilizoanza na mgonjwa yule zimefika nchi nyingi, hata Limuru kwa majirani zetu Kenya.

Jamani, hiyo ndiyo njia ya Mungu wetu. Katika Kutoka 3 anaona mateso ya watu wake, naye anashuka. Katika Bikira Maria anashuka zaidi, anakuwa mtoto wa kubebwa. Mungu hakutukomboa akiwa juu kwa mbali.

Na sisi je? Hatuna ndege, tuna simu. Unamchafua mtu kwenye grupu la kwaya, unatuma picha yake, unazima data, unalala. Hukuona alivyolia. Kabla hujabonyeza kutuma, shuka kwanza. Mpigie, nenda kwake, mtazame usoni. Mara nyingi utakuta lile neno halisemeki tena.

Kwa hiyo mdogo wangu, jibu langu ni hili: naiunda nikiwakumbuka. Kabla ya kufungua gundi nasali Salamu Maria moja kwa waliokufa ndani yake, na moja kwa waliokufa chini yake.

Jiulize wiki hii:
1. Ni nani ninayemtakia moto, na sijawahi kukaa naye hata dakika kumi?
2. Ni neno gani nimelirusha kwa mbali, na sasa napaswa kwenda kuliomba msamaha ana kwa ana?

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyewakemea rafiki zako walipotaka moto, utukemee na sisi. Utushushe kutoka kwenye hasira zetu, tuone nyuso za wenzetu. Uwapumzishe kwa amani marehemu wote wa vita, wa pande zote. Amina.

Maria, Malkia wa Amani, utuombee.